Kigelegele cha Bi Kashinde

Ndugu wasomaji, itifaki imezingatiwa, kaeni. Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, si kwa woga, ila kwa kuwa jina lake bado halijazinduliwa. Lilichaguliwa mwaka ule wa uhuru, likachongwa kwenye ubao mzuri wa mninga, likafunikwa kitambaa cha buluu, na mpaka leo tunamngoja mgeni rasmi aje avute kamba. Kwa sasa tunaiita Hapa. Mtu akirudi kutoka ng'ambo huulizwa kwenye uwanja wa ndege anakwenda wapi, naye hujibu, "Hapa," na hugongewa muhuri bila usumbufu.

Mimi naitwa Bundala. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa Afisa Itifaki wa Kata, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu anayefurahi kabla ya wakati. Wageni wakisikia hivyo hudhani sisi ni watu wa huzuni. Si kweli hata kidogo. Katiba yetu inasema wazi kwamba furaha ni haki ya kila mwananchi, na utaratibu unasema lini.

Utaratibu wenyewe ulianza na bomba la maji. Kabla sijaajiriwa, kata yetu ilichimbiwa kisima, na ikatangazwa kwamba mgeni rasmi angefika saa tatu asubuhi. Alipofika saa kumi na moja jioni alikuta watu wameshafungua bomba, wameshakunywa, wengine wameshaoga, na nguo zao zinakauka juu ya jukwaa lake. Alisimama pale na mkasi mkononi, hana cha kukata. Inasemekana alilia ndani ya gari mpaka makao makuu. Bunge likakaa kwa dharura siku nne, ikapitishwa Sheria ya Uzinduzi wa Furaha: jambo lolote la heri linalokusanya watu zaidi ya sita lisifurahiwe mpaka mgeni rasmi alizindue, kwa maneno na kwa mkasi.

Tangu hapo mambo yanakwenda vizuri sana. Daraja letu lilikamilika miaka tisa iliyopita, nasi huvuka mto kwa miguu chini yake, maji kiunoni, tukiliangalia kwa heshima. Wodi mpya ya zahanati ina vitanda arobaini ambavyo magodoro yake hayajatolewa kwenye nailoni, na wagonjwa hulazwa mikekani nje ya dirisha, ili wavione wapate moyo. Mimi mwenyewe nilioa mwaka wa tatu wa kazi. Harusi yangu imo kwenye ratiba ya mkoa, kwa hiyo mimi na mwenzangu tuna watoto wanne na bado ni wachumba.

Na msidhani dunia imetuacha nyuma. Kwenye simu uhuru ni mpana. Unaruhusiwa kutuma kikatuni cha uso unaocheka mpaka machozi, mradi uso wako mwenyewe usifanane nacho. Ingia sebule yoyote utakuta familia nzima imekaa, nyuso zimenyooka, vidole vinakimbia, wanarushiana vicheko kutoka kiti hiki hadi kile. Wizara inasema kwa furaha ya mtandaoni sisi ni wa pili barani.

* * *

Katika kata yetu alikuwapo mjane wa miaka sabini na minane, Bi Kashinde. Kabla ya sheria alikuwa mpiga vigelegele asiye na mpinzani. Watu walimwita kutoka kata tatu aje kuitikia harusi zao, na kigelegele chake kikipanda, mbwa walinyamaza na walevi waliamka. Baada ya sheria alikaa bila kazi, akawa anapiga miayo tu.

Binti yake mmoja, Milembe, aliolewa akakaa miaka kumi na minne bila mtoto. Mimba nne ziliharibika. Kila mara Bi Kashinde alikuwa ameshajiandaa, na kila mara alikimeza kigelegele chake akaenda kumkanda mwanawe mgongo. Mimba ya tano ikakua, akajifungua salama. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, analia kwa nguvu utadhani kaonewa.

Nilikuwapo, maana sheria inanitaka niwepo. Bi Kashinde alisimama mlangoni, akajifunga kanga vizuri, akavuta pumzi. Nikahesabu haraka watu waliokuwamo chumbani. Walikuwa saba, pamoja na mtoto.

"Bibi, bado," nikamwambia, nikamwekea mkono begani.

Akanigeukia, mashavu yamejaa hewa. Akaiachia taratibu.

"Bundala, siku uliyozaliwa wewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka siku mbili."

"Nashukuru sana, bibi. Wakati ule sheria haikuwapo."

"Hata jina tusimpe?"

"Jina ni sehemu ya furaha. Nimemwandikisha kama Mradi wa Milembe, Awamu ya Kwanza."

Milembe alikuwa kitandani, machozi yanamtoka, amekaza midomo ili isije ikaonekana anatabasamu. Nilimsifu kwa uzalendo wake.

* * *

Wiki iliyofuata Bi Kashinde alikuja ofisini. Daktari alikuwa amempima akamwambia moyo umechoka, na kwamba asitegemee kuimaliza masika ijayo.

"Mwanangu," akasema, "mimi kufa siogopi. Nataka nimpigie yule mtoto kigelegele kimoja tu, kwa sauti, mbele za watu, kisha niende zangu. Nikienda nacho tumboni sitalala huko."

Nilisikitika, na niliposikitika niliandika barua. Nilimwomba Mheshimiwa Naibu Waziri aje azindue. Jibu la kwanza lilisema Mheshimiwa yuko kwenye uzinduzi wa Mkakati wa Taifa wa Uzinduzi. Jibu la pili lilitaja tarehe. Tukafunga matao ya makuti, tukazungushia beseni la kuogea mtoto utepe mwekundu, tukakaa juani tangu asubuhi. Saa tisa akaja mwakilishi wa mwakilishi wake, ambaye alikuwa dereva. Alitusalimia vizuri, lakini hakuwa na mamlaka ya mkasi.

Utepe tuliuacha palepale. Mtoto akafikisha miezi mitano, akaota jino, akaukata utepe kwa jino hilo. Kata nzima ilinijia mbio ikitaka kujua kama huo si uzinduzi. Niliandika makao makuu, wakaunda kamati, na kamati ikajibu kwamba kinachozinduliwa hakiwezi kujizindua. Nilifunga utepe mpya, wa plastiki.

Miezi ikawa kumi. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Bi Kashinde sasa alitembea hatua ishirini akapumzika, hatua kumi akapumzika. Siku moja aliingia ofisini, akakaa, akahema mpaka pumzi ikamrudia.

"Bundala, hebu nisomee hicho kitabu chako. Harusi?"

"Mgeni rasmi, ngazi ya mkoa."

"Mtoto kuota jino?"

"Ngazi ya wilaya, kama jino ni la kwanza."

"Mtu kupona?"

"Inategemea ugonjwa."

"Msiba?"

Nikafunua kurasa. Nikafunua tena. "Msiba si jambo la heri, bibi. Hauna mgeni rasmi, hauna utepe, wala hauna idadi ya watu."

"Na watani?"

Hapo lazima nieleze. Watu wa Ng'ambo ya Mto ni watani wetu tangu enzi za mababu. Ukifiwa, wao huja kucheka. Humwigiza marehemu, humtukana, huvaa nguo zake, hucheza mbele ya waliofiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Watani wako kwenye Kiambatisho cha Mila," nikasema. "Wanayoyafanya msibani hayahesabiwi kuwa furaha. Yanahesabiwa kuwa huduma kwa jamii."

"Basi niandikie msiba."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mimi ni mtumishi wa umma. Mwananchi akija kutoa taarifa ya kifo, natoa fomu.

"Jina la marehemu?"

"Si unanijua?"

"Jina la mtoa taarifa?"

"Hilohilo."

"Uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu?"

Akafikiri. "Tumekaa pamoja muda mrefu."

"Umehakikisha kwamba kweli amefariki?"

"Nimeishi Hapa miaka sabini na minane."

Fomu haina mahali panapouliza kama marehemu ameketi mbele ya afisa. Niliipitia mara mbili nikitafuta. Nikagonga muhuri, nikampa cheti, naye akanishukuru na kuniomba nimshike mkono mpaka barabarani.

* * *

Msiba ulikuwa Jumamosi asubuhi. Turubai likafungwa, masufuria ya wali na maharage yakapandishwa mekoni, wanaume wakakaa upande mmoja na karata zao na kahawa, akina mama wakajaa ukumbini. Bi Kashinde alilazwa kwenye kitanda cha kamba katikati ya ukumbi, amefunikwa shuka jeupe. Kwa vile mjukuu alikuwa akilivuta shuka kwa miguuni, walilifunga pale kwa kipande cha kitambaa.

Milembe alikaa kichwani pa mama yake. Alijua vizuri kwamba chini ya shuka kuna mtu hai anayemfinya kidole, na bado alilia kilio cha kweli, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki mbili masika ianze. Nilimwangalia. Nikaandika kwenye daftari kwamba huzuni inaendelea kwa mujibu wa ratiba.

Ndipo watani wakaingia. Kiongozi wao alikuwa Mwinyikondo, fundi cherehani mwenye kitambi, na alianza kupiga kelele tangu njiani.

"Kashinde amekufa bila kuniaga! Huyu mwanamke hana adabu tangu ujana wake! Amka nikutukane vizuri!"

Akachukua kanga ya Bi Kashinde ukutani, akajifunga. Akachukua mkongojo wake. Akamnyakua mtoto mapajani kwa Milembe, akaanza kutembea ukumbini, hatua ishirini apumzike, hatua kumi apumzike, anahema na kukunja uso.

"Mimi ndiye Kashinde! Nimefika ahera nimekuta foleni, nikaambiwa nirudi nikalete barua ya mtendaji! Huyu ndiye mjukuu wangu! Mwangalieni pua, si pua ya kwetu hii? Nimeingoja miaka kumi na minne pua hii!"

Akamrusha mtoto juu akamdaka. Mtoto akacheka. Na kata ikacheka. Nataka mnielewe: hawakucheka wenzetu wale, walipasuka. Bibi vizee ambao hawakuwa wamecheka tangu siku ya bomba walishikana mabega. Karata zikamwagika. Mpishi alitoka jikoni na mwiko akakaa chini kabisa, palepale kwenye majivu. Mgambo akaja mbio na daftari la makosa, nikamwonyesha Kiambatisho cha Mila, akakisoma, akafunga daftari na kuuliza kama wali umeiva.

Pale kitandani shuka likaanza kutikisika. Nikajua anavuta pumzi. Na wakati huohuo tukasikia ving'ora.

* * *

Mheshimiwa Naibu Waziri, ambaye kwa miezi kumi hakupata saa moja ya mtoto aliye hai, alisikia habari za kifo saa tatu na saa nne alikuwa ameshafika. Naye nisimlaumu. Msibani watu wamekusanyika tayari, wamekaa, wamenyamaza, na hakuna anayeweza kuondoka. Hakuna kiongozi mwenye akili anayekosa nafasi kama hiyo.

Mtoto akarudishwa mapajani, kanga ikarudi ukutani, watani wakajibanza nyuma. Mheshimiwa akasimama kando ya kitanda, akatoa karatasi ambayo pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa misiba mingine.

"Ndugu wafiwa! Marehemu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mkulima hodari wa pamba, na ameacha pengo kubwa katika timu yetu ya mpira wa miguu. Nakumbuka mara ya mwisho aliponishika mkono akaniambia, 'Mheshimiwa, endelea hivyohivyo!' Nataka niwahakikishie kwamba Serikali hii sikivu haitalala mpaka huduma ya misiba iwafikie wananchi wote, mpaka ngazi ya kitongoji!"

Tukapiga makofi. Alihutubia kwa muda wa saa moja na nusu. Alieleza barabara, alieleza umeme, alieleza safari yake ya kwenda kujifunza furaha katika nchi yenye baridi. Nzi akatua juu ya shuka, pale penye pua. Shuka likapanda, likashuka. Milembe akaanza kumpepea mama yake kwa upande wa kanga, na Mheshimiwa akausifu upendo ule, akasema unafaa kuigwa na vijana.

Alipomaliza, mazoea ya miaka mingi yalimshika. Alinyoosha mkono wa kulia pembeni bila kutazama, na msaidizi wake, naye bila kutazama, akaweka mkasi mkononi. Mheshimiwa akageuka huku na huku akitafuta cha kukata. Akaona kile kitambaa kilichofungwa miguuni. Akakikata.

"Natamka kwamba shughuli hii sasa imezinduliwa rasmi!"

Nilifungua kitabu changu. Mgeni rasmi yupo. Maneno yametamkwa. Mkasi umekata. Shughuli, sheria haisemi shughuli gani. Inasema yote yaliyomo katika kusanyiko. Mtoto alikuwamo katika kusanyiko. Sijui nini kilinipata. Nilipanda juu ya kiti, mimi Bundala ambaye sijawahi kupaza sauti kazini, nikaita:

"Bi Kashinde! Imezinduliwa! Piga!"

Shuka likakaa. Likateleza, uso ukatokea, macho yamefumbwa, na kile kigelegele kikatoka. Kilianza chini, kikwaruzo tu, nikadhani kimeoza kwa kukaa sana. Kisha kikapanda. Kikapita juu ya turubai, kikaenda zake mtoni. Alipiga cha mtoto wa kwanza ambaye hakuzaliwa, na cha wa pili, na cha wa tatu, na cha wa nne, na cha huyu aliyekuwa amekaa akimkodolea macho mdomo wazi. Milembe alimwinua mwanawe juu kwa mikono miwili, akatabasamu meno yote nje. Nililia. Sikuandika kitu kwenye daftari.

Mheshimiwa hatukumwona tena siku ile. Kiatu chake kimoja kilikutwa dirishani.

Taarifa ya habari ya jioni ilisema hotuba ya Naibu Waziri imemwinua mama mmoja kutoka mautini, na kwamba hayo ni mafanikio ya awamu hii. Maombi ya hotuba yakamiminika kutoka wilaya zote.

* * *

Kwa desturi yetu mjukuu hurithi jina la bibi aliyetangulia. Kwa kuwa cheti kilikuwapo, mtoto alipewa jina siku ileile, na aliyempa ni marehemu mwenyewe. Kashinde akamshika Kashinde, akamwita mara tatu sikioni.

Niliandika makao makuu kuomba Bi Kashinde arudishwe kwenye daftari la walio hai. Wakajibu kwamba kurudi kwa mtu ni jambo la heri, linakusanya zaidi ya watu sita, kwa hiyo lisubiri kuzinduliwa. Mpaka hapo abaki marehemu. Nilisoma sheria usiku na mchana, ukurasa kwa ukurasa, na sikuona mahali panapowakataza marehemu kufurahi.

Basi kila asubuhi mtoto alipoogeshwa, bibi yake alipiga kigelegele. Mgambo alikuja siku ya kwanza na daftari, akaonyeshwa cheti cha kifo, akaenda zake. Bi Kashinde alikicheka alichotaka. Aliimba barabarani. Alimtania mtendaji wa kata mbele ya ofisi yake. Masika ikaja ikaisha, kipupwe kikaingia, naye yupo. Daktari alisema kitabibu hawezi kueleza, kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi kumtibu mtu aliyekufa.

Alifariki kweli mwezi wa saba, asubuhi, beseni likiwa bado na maji na mtoto amelala kifuani pake. Nilikimbia ofisini kuchukua fomu. Haikuwezekana, maana alikuwa ameshaandikwa. Kwa hiyo hakikuja king'ora, wala hotuba, wala timu ya mpira. Tulimzika wenyewe, tukalia tulivyotaka, kwa muda tuliotaka. Mwinyikondo alijifunga ile kanga ili amwigize, akafungua mdomo, akashindwa, akaketi chini akalia na sisi.

Jumatatu nilikuta foleni mlangoni kwangu. Walikuwa watu wazima na akili zao, wamevaa vizuri. Wa kwanza alikuwa mchumba wangu.

"Nimekuja kutoa taarifa," akasema.

Nilimwandikia. Na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Kufikia mwisho wa mwezi rejista ilionyesha kwamba kata nzima imebakiwa na watu wawili walio hai, mgambo na mimi, na kila nilipopita njiani nilisikia marehemu wanacheka majumbani mwao, simu zimetupwa kitandani.

Jana nilijaza fomu yangu. Palipoandikwa chanzo cha kifo niliandika: kusubiri. Nikagonga muhuri, nikafunga ofisi saa nne asubuhi, nikaenda kwa Milembe. Nilimkuta anamwogesha mtoto uani. Kashinde anapiga maji kwa viganja, yananirukia mpaka kwenye tai. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mpaka mgambo akatokea kwenye ua akataka kibali.

Nikampa cheti changu. Akakisoma mpaka chini, akavua kofia, akaniuliza foleni inaanzia wapi.